Ajali Haina Kinga? Tafakuri Kuhusu Kumbukumbu za Usalama wa Ndege

Miongoni mwa methali za Kiswahili ambazo kila mwanafunzi anazijua, "ajali haina kinga" ni ya zile zinazokaririwa mapema na kuhojiwa kwa nadra. Hutamkwa matangani, huandikwa kwenye magari ya abiria, na hutumiwa na viongozi wanapowapa pole wafiwa. Neno lenyewe lina historia. "Ajali" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya muda uliowekwa, yaani siku ya mwisho ambayo Mungu amempangia mja wake. Kwa asili yake, basi, methali hii haizungumzii breki zilizokatika wala rubani aliyechoka. Inazungumzia mauti kama ahadi isiyoahirishwa. Kwa mfiwa hiyo ni faraja, nami sina nia ya kumnyang'anya.

Hata hivyo, maana ya neno imehama. Leo tukisema ajali, tunakusudia gari lililopinduka, mtumbwi uliozama au ndege iliyoanguka. Maana imehama, methali imebaki palepale. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu faraja ya matangani imegeuka kuwa jibu la ofisini. Raia akiuliza kwa nini watu wamekufa, hujibiwa kwa methali. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba ajali za ndege zina kinga, kwamba sehemu kubwa ya kinga hiyo ni maandishi, na kwamba maandishi hayamkingi mtu yeyote yakifungiwa kabatini.

Darasani kwangu hapa Musinzira, mjini Gitega, nikitaja nusu ya kwanza ya methali hii, wanafunzi huimalizia kwa sauti moja. Siku moja msichana mmoja wa kidato cha juu aliinua mkono akasema, "Mwalimu, kama ajali haina kinga, mkanda wa gari ni wa nini?" Wenzake walicheka. Mimi niliandika swali lake ubaoni, kwa sababu ni swali la uraia kabla ya kuwa swali la fasihi.

Tuanze na msamiati. Wataalamu wa usafiri wa anga hutenganisha maneno ambayo sisi huyachanganya. Kwao, ajali ni pale mtu anapokufa au kuumia vibaya, au ndege inapoharibika sana au kupotea. Tukio ni jambo ambalo halikufikia kiwango hicho, lakini liligusa au lingeweza kugusa usalama wa safari: magurudumu yaliyokawia kutoka, ndege mbili zilizokaribiana kupita kiasi, maelekezo ya mnara yaliyosikiwa vibaya. Kati ya ajali na tukio kuna tukio zito, lile ambalo nusura liwe ajali.

Lizingatieni neno hilo, nusura. Tunasema "nusura tugongane", "nusura tuzame". Lakini kamusi inatukumbusha kwamba nusura pia ni nomino yenye maana ya msaada au uokozi. Sijui neno lingine linaloeleza vizuri zaidi thamani ya kumbukumbu za matukio madogo. Jambo ambalo nusura liue watu leo, likiandikwa na kusomwa, ni nusura ya watu wengine kesho. Lisipoandikwa, au likiandikwa na kufichwa, linabaki kuwa bahati ya siku moja.

Sasa twende karibu na nyumbani. Ukitoka Gitega kuelekea Muyinga, ukavuka mpaka wa Kobero, unaingia wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, Tanzania. Makao makuu ya mkoa huo ni Bukoba, mji ulio kando ya Ziwa Viktoria, na uwanja wake wa ndege uko karibu sana na maji. Asubuhi ya Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya shirika la Precision Air, aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam, ilianguka ziwani ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Ndani yake mlikuwa na watu 43: abiria 39 na wafanyakazi wa ndege 4. Watu 24 waliokolewa. Watu 19 walifariki dunia, wakiwemo marubani wote wawili.

Nina binamu anayeishi Bukoba. Familia yetu, kama familia nyingi za pande hizi, imetawanyika pande mbili za mpaka, na Jumapili ile simu zililia kutoka Gitega hadi Ngara na kutoka Ngara hadi Bukoba mpaka tulipojua kwamba hakuwamo. Alikuwa amesimama ufukweni pamoja na umati. Aliyoyaona ndiyo ambayo dunia nzima iliyaona baadaye kwenye televisheni: mkia wa ndege ukichomoza juu ya maji, wavuvi wakiwa wa kwanza kufika kwa mitumbwi yao, na watu wakivuta kamba kwa mikono kana kwamba wanavuta wavu. Siku iliyofuata aliniambia kwenye simu, "Ndugu yangu, huku kila mtu anasema ni kazi ya Mungu. Mimi sibishani na Mungu. Nauliza tu, uwanja uko kando ya ziwa, mashua ya uokoaji iko wapi?"

Wiki chache baadaye ilipatikana ripoti ya awali ya wachunguzi wa Tanzania, na vyombo vya habari viliinukuu. Ilikiri kwamba wavuvi ndio waliotangulia, kwamba uokoaji rasmi ulichelewa, na kwamba huenda watu wengi zaidi wangeokolewa kama msaada ungefika mapema. Swali la mtu aliyesimama ufukweni na maandishi ya wataalamu vilikutana mahali pamoja. Tofauti ni kwamba swali la binamu yangu lingeweza kupuuzwa kama maneno ya mwenye uchungu. Ripoti haipuuziki kwa urahisi namna hiyo. Mbunge anaweza kuinyanyua bungeni, mwandishi wa habari anaweza kuirejea baada ya mwaka mmoja na kuuliza ni nini kimebadilika, na msimamizi wa uwanja mwingine ulio kando ya maji anaweza kuisoma na kujikagua.

Utaratibu huu haukuanzia Bukoba. Mwezi Desemba 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inaendelea, wajumbe wa mataifa walikutana Chicago, nchini Marekani, wakatia saini mkataba wa usafiri wa anga wa kimataifa. Kifungu cha 26 cha mkataba huo kinaitaka nchi ambamo ajali ya ndege ya nchi nyingine imetokea kufanya uchunguzi. Mwaka 1951 kilipitishwa Kiambatisho cha 13, ambacho hadi leo ndicho kanuni ya wachunguzi duniani kote chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kanuni zake tatu zinapaswa kujulikana na kila raia.

Ya kwanza ni kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine. Si kumtafuta wa kulaumiwa wala wa kulipa. Kazi hiyo ni ya mahakama. Ya pili ni muda. Ripoti ya awali hutakiwa kupelekwa ndani ya siku 30. Ripoti ya mwisho hutakiwa kutolewa mapema iwezekanavyo, na ikiwezekana ndani ya miezi 12. Ikishindikana, nchi inayochunguza hutakiwa kutoa tamko kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya ajali, kueleza kazi imefikia wapi. Ya tatu, ambayo kwangu ndiyo moyo wa jambo lenyewe, ni kwamba ripoti ya mwisho hutakiwa kutolewa kwa umma. Haikusemwa kwamba itolewe kwa waziri, wala kwa shirika la ndege peke yake. Imesemwa umma, na umma ni pamoja na mvuvi aliyeacha nyavu zake akapiga kasia kuelekea kwenye ndege inayozama.

Ajali kubwa, basi, ina kanuni za kuitoa hadharani, hata kama hazifuatwi kila mahali. Tatizo gumu zaidi ni yale matukio yasiyoua, ambayo hayapigiwi picha na hayana matanga. Mfano mmoja uliwagusa sana watu wa Afrika Mashariki.

Tarehe 28 Oktoba 2018, ndege mpya aina ya Boeing 737 MAX ya shirika la Lion Air iliruka kutoka Denpasar kwenda Jakarta, nchini Indonesia. Mara baada ya kupaa, usukani wa rubani ulianza kutikisika kuonya kwamba ndege inakaribia kupoteza nguvu ya kuelea, na pua ya ndege ikawa inasukumwa chini na mtambo ambao marubani hawakuujua. Kwa bahati, chumbani mwao mlikuwa na rubani wa tatu aliyekuwa akisafiri tu, naye alisaidia kutafuta suluhisho. Walizima umeme wa mtambo uliokuwa ukiisukuma pua, wakatua salama. Kasoro ziliandikwa kwenye daftari la ndege, lakini si zote. Mtikisiko wa usukani haukuandikwa, wala namna walivyolazimika kuuzima mtambo ule. Mafundi wakashughulikia yale waliyoyasoma. Asubuhi iliyofuata ndege ileile, ikiwa na marubani wengine, ilipaa kutoka Jakarta na kuanguka baharini. Watu wote 189 walikufa.

Miezi minne na nusu baadaye, tarehe 10 Machi 2019, ndege nyingine ya aina hiyohiyo, ya Ethiopian Airlines, ilipaa kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi na kuanguka dakika chache baadaye. Watu 157 walipoteza maisha, na Wakenya 32 walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Chanzo kilihusu mtambo uleule, uliokuwa ukitegemea kihisi kimoja tu kuamua pua ielekee wapi. Baada ya hapo ndege za aina hiyo zilizuiwa kuruka duniani kote.

Sisemi kwamba mistari miwili katika daftari la tarehe 28 Oktoba ingeokoa kila mtu. Makosa ya kiwanda na ya wasimamizi wake yalikuwa makubwa kuliko daftari la marubani. Lakini utaona mnyororo wenyewe. Tukio lilitokea, likaandikwa nusu, likabaki kati ya watu wachache, kisha ajali, kisha ajali nyingine katika bara jingine. Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wangeweza kuongeza kwamba ufa hauzibwi na asiyeonyeshwa.

Marekani ilijifunza somo hili kwa machozi yake yenyewe. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA iliyokuwa ikikaribia uwanja wa Dulles, nje ya Washington, iligonga mlima katika jimbo la Virginia, na watu wote 92 wakafa. Marubani walikuwa wameelewa vibaya maelekezo ya kushuka. Wachunguzi walipochimba, waligundua kwamba wiki sita kabla yake marubani wa shirika jingine, United, walikuwa wameelewa vibaya maelekezo kama hayohayo mahali palepale, na nusura wagonge mlima. Walitoa taarifa ndani ya shirika lao, na shirika likawaonya marubani wake. Marubani wa TWA hawakuonywa, kwa kuwa hapakuwa na njia ya onyo kutoka nyumba moja kuingia nyumba ya jirani.

Kutokana na msiba huo ulianzishwa mwaka 1976 mfumo wa kupokea taarifa za usalama wa anga, unaoendeshwa na shirika la anga za juu la Marekani, NASA. Rubani, mwongozaji wa ndege, mhudumu au fundi anaandika lililotokea. Watumishi wa mfumo huo huondoa jina lake na kila kinachoweza kumtambulisha, kisha maelezo huwekwa mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kuyasoma. Tangu wakati huo zimepokewa taarifa zaidi ya milioni moja. Mwalimu wa Musinzira mwenye simu na vocha ya intaneti anaweza leo kusoma jinsi rubani mmoja, asiyejulikana jina, alivyokaribia kutua kwenye njia isiyo yake usiku wa mvua.

Hapa nakutana na pingamizi ambalo si la kudharau. Wenye mamlaka wengi husema kwamba kumbukumbu zikiwa wazi, marubani wataogopa kuandika, abiria watatishika, na mawakili watavamia. Hoja ya kwanza ni ya kweli kabisa. Mtu akijua kwamba maneno yake yatampeleka gerezani, atanyamaza. Ndiyo maana Kiambatisho cha 13 chenyewe kinalinda sauti zilizonaswa katika chumba cha marubani na maelezo ya mashahidi, yasitumiwe ovyo nje ya uchunguzi. Sauti za mwisho za mtu anayekufa si burudani ya jioni, na mjane wake hastahili kuzisikia redioni.

Lakini angalieni jinsi mfumo wa 1976 ulivyolijibu tatizo hilo. Ulificha jina, ukatoa sababu. Mamlaka nyingi hufanya kinyume chake. Jina la rubani aliyekufa husambaa siku ileile pamoja na lawama zote, hali sababu zinabaki siri kwa miaka. Kuficha kwa namna hiyo hakumlindi mtoa taarifa, maana amekwisha kufa. Kunamlinda aliyesaini cheti, au aliyeahidi mashua na asiinunue. Kila tunapoambiwa kwamba jambo fulani ni siri kwa ajili ya usalama, raia ana haki ya kuuliza kwa adabu: ni usalama wa nani?

Kuhusu hofu ya abiria, nawaamini abiria kuliko wanavyoaminiwa na ofisi. Sisi wa Burundi tunapanda mabasi yanayoshuka milima ya Bugarama katika ukungu tukijua hatari yake yote. Tunachotaka si kufichwa hatari, bali kujua kama kuna mtu anayeishughulikia. Nchi inayochapisha matukio yake madogo haionekani dhaifu machoni pangu. Inanikumbusha mama mwenye nyumba anayesema wazi kwamba paa linavuja, huku tayari ameshaita fundi.

Kwetu Burundi, jambo hili lina jeraha lake. Tarehe 6 Aprili kila mwaka tunamkumbuka Rais Cyprien Ntaryamira. Jioni ya siku hiyo, mwaka 1994, alikuwa akirejea kutoka mkutano wa viongozi uliofanyika Dar es Salaam, ndani ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, ndege hiyo ilipodunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Watu wote 12 waliokuwemo walikufa, na miongoni mwao walikuwa mawaziri wawili wa Burundi. Hiyo haikuwa ajali. Lilikuwa shambulio, na yaliyofuata Rwanda yanajulikana na ulimwengu mzima. Sitaingia katika mabishano kuhusu nani alifanya nini. Nitataja jambo moja tu linalohusu kumbukumbu.

Mwezi Machi 2004, karibu miaka 10 baada ya tukio, Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kisanduku cheusi kilichotumwa kutoka Rwanda mwaka 1994 kimepatikana katika kabati la ofisi zake jijini New York. Kilipochunguzwa, ilionekana kwamba hakikutoka katika ndege ile. Huenda mtu akasema kwamba, basi, hakuna kilichopotea. Mimi naona kwamba kilichopotea ni imani. Kwa miaka karibu 10 kitu ambacho kingeweza kuwa ushahidi kilikaa kabatini bila kufunguliwa, na katika muda huo uvumi ulikuwa umekwisha kujenga nyumba na kuzaa watoto. Mahali ambapo hakuna kumbukumbu ya wazi, kila kundi huandika ya kwake, na watoto hurithi kumbukumbu zinazopigana.

Afrika Mashariki imetoa pia mtu aliyeshughulika na kabati kama hilo kwa uvumilivu mkubwa. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege iliyombeba Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa katika jitihada za kutafuta amani ya Kongo. Watu 16 walikufa. Miongoni mwa walioona kitu angani usiku ule walikuwa wachoma makaa wa Kiafrika, na baadhi yao walieleza kuhusu ndege ya pili. Uchunguzi wa serikali ya kikoloni haukuyapa maneno yao uzito, ukamtupia lawama rubani. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo la kuupitia upya ushahidi, likiongozwa na Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Yeye aliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi baadaye. Katika ripoti zake amesema kwamba ni karibu hakika kwamba baadhi ya nchi wanachama bado zina taarifa ambazo hazijazitoa.

Kisa cha Ndola kina funzo ambalo wanafunzi wangu hulishika haraka. Kumbukumbu inaweza kufungwa kwa njia mbili. Inaweza kufungwa baada ya kuandikwa, kwa kufuli ya kabati. Inaweza pia kufungwa kabla ya kuandikwa, kwa kuamua kwamba maneno ya mchoma makaa si ushahidi. Bukoba tuliona wavuvi wakitangulia kufika. Nataka kuishi katika Afrika Mashariki ambayo mvuvi anahojiwa kwa heshima, maneno yake yanaandikwa, na baadaye anaweza kuisoma ripoti aliyochangia.

Kuisoma kwa lugha gani? Hapa mwalimu wa Kiswahili hawezi kunyamaza. Kanuni za ICAO zinataka ripoti ya awali iwasilishwe kwa moja ya lugha za kazi za shirika hilo, nazo ni sita: Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kirusi, Kiarabu na Kichina. Hilo ni sawa kwa mawasiliano ya mataifa. Lakini kanuni hiyo haizuii nchi kutoa muhtasari kwa lugha ya wananchi wake. Ripoti iliyo wazi katika lugha usiyoielewa ni mlango uliofunguliwa juu ya ukuta. Wengine hudai kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Katika makala haya nimetumia rubani, kihisi, usukani, mtambo, kisanduku cheusi, mnara, mwongozaji wa ndege na tukio zito, wala sidhani kama msomaji amekwama. Lugha iliyozoea bahari na dau kwa karne nyingi haishindwi na chombo kinachoelea hewani.

Sheria za majirani zetu zinatupa mahali pa kuanzia. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inamtambulia kila raia haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Uganda ina sheria ya haki hiyo tangu 2005. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, ina wakala wake wa kusimamia usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe. Wakala upo, sheria zipo, na lugha ya pamoja ipo. Sioni kizuizi cha kuanzisha daftari moja la kanda, lililo wazi, lenye matukio yaliyoondolewa majina, na muhtasari wa kurasa mbili wa Kiswahili kwa kila ripoti ya mwisho. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya gurudumu la ndege.

Najua wengi wenu mnaosoma makala haya ili kujifunza Kiswahili hamjawahi kupanda ndege, na huenda mnajiuliza jambo hili linawahusu vipi. Linawahusu kwa sababu tabia ya kuandika na kuonyesha haina mipaka. Shule inayoandika kila mtoto aliyeteleza kwenye ngazi ileile itaitengeneza ngazi. Hospitali inayoandika dawa iliyokaribia kutolewa kimakosa itabadilisha mpangilio wa rafu. Wilaya inayoandika kila gari lililokaribia kutumbukia kwenye korongo itajenga ukingo kabla ya basi. Ndege imetufundisha tu kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa inapoanguka dunia yote husikia.

Kwa hiyo, wiki hii ombeni mkae wawili wawili, mwandike kwa Kiswahili sanifu maelezo ya tukio moja mliloliona, lile ambalo nusura liwe ajali: njiani, jikoni, shambani au uwanjani. Elezeni mahali, saa, lililotokea na lililozuia madhara. Msiandike jina la mtu yeyote. Kisha wasomeeni wengine kwa sauti, na waulizeni nini kirekebishwe. Mwanafunzi yule aliyeuliza kuhusu mkanda wa gari ameshaandika la kwake. Linahusu ubao uliolegea kwenye daraja la miguu analolivuka akienda nyumbani, na ameomba nakala moja ipelekwe kwa chifu wa mtaa.